«Mama Hatumiki»: Bei ya Kazi ya Mwanamke katika Maandishi na Maneno Yetu

Kila mwanzo wa mwaka wa masomo wanafunzi wapya hujaza karatasi ya kuandikishwa. Mahali pa kazi ya baba husomeka mambo mengi: mwalimu, askari, fundi umeme, mchuuzi, mstaafu wa Gécamines. Mahali pa kazi ya mama, neno moja hurudi karatasi baada ya karatasi: menajere. Na mwanafunzi akiulizwa kwa mdomo, hujibu kwa Kiswahili cha mji wetu: «Mama hatumiki.»

Jibu hilo linastahili kusikilizwa na mtu wa isimu. Katika Kiswahili cha Katanga kutumika ni kufanya kazi. Mtu anatumika mgodini, anatumika ofisini, anatumika kwa Mzungu. Katika Kiswahili sanifu kutumika ni kuwa chombo mikononi mwa mwingine, au kuwa mtumishi wake. Msomaji wa Unguja akiisoma sentensi ile ya mwanafunzi wetu angeweza kudhani kwamba mama huyo amewekwa kando kama sufuria iliyotoboka. Naye mama mwenyewe, saa ile ile anapoandikwa hivyo, yuko sokoni tangu alfajiri, akipima unga wa mahindi kwa kopo, na pesa ya kumwandikisha mwana imetoka katika kopo hilo. Kwa hiyo sentensi si ya kweli kwa maana ya kwanza, na si ya kweli kwa maana ya pili, kwani hakuna atumikaye nyumbani kuliko yeye. Lakini mwana hakusema uongo. Amesema kama lugha yake ilivyomfundisha kusema, yaani kwamba kazi ni ile yenye mwajiri na siku ya kulipwa.

Katika makala haya tunakusudia kuuliza swali moja tu, ambalo uhakiki wetu umelipita mara nyingi bila kulisimamia: je, katika maandishi ya Kiswahili na katika maneno yetu ya kila siku, kazi ya mwanamke, hasa mwanamke aliye mama, ina bei? Hatuulizi kama ina sifa. Sifa zipo tele.

Tukianza na fasihi, hatuwezi kusema kwamba mwanamke amesahauliwa. Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia binti yake utendi mnamo 1858, na tangu hapo wasomi wamebishana kama alimfundisha utii au alimfundisha njia ya kuishi ndani ya utii. Shaaban Robert aliandika wasifu wa Siti binti Saad, mtoto wa shamba aliyekuja mjini Unguja akaishi kwa sauti yake, akafika hadi Bombay mwaka 1928 kuimba nyimbo zitiwe katika sahani za santuri. Euphrase Kezilahabi alituletea Rosa Mistika mwaka 1971, Said Ahmed Mohamed akatuletea Utengano mwaka 1980, na Penina Muhando akaandika tamthilia ya Nguzo Mama, iliyotoka mwaka 1982. Juu ya vitabu hivi vyote zimeandikwa kurasa nyingi. Lakini mhakiki akishika Rosa Mistika huuliza juu ya malezi, juu ya ukali na ulevi wa Zakaria, juu ya ubikira na aibu. Ni maswali ya haki. Hata hivyo Rosa ni binti aliyesomea ualimu, maana yake ni binti anayeelekea kushika mshahara wake mwenyewe kutoka familia ambamo baba hunywa na mama hutafuta. Kwamba mshahara huo unaweza kumpa msichana nafasi ambayo Regina hakuwa nayo kamwe, jambo hilo huachwa nje ya mlango, kana kwamba pesa si mada ya fasihi wakati mwenye kuishika ni mwanamke.

Katika Utengano hali ni kali zaidi. Bi Tamima amefungiwa ndani ya nyumba ya Maksuudi. Kazi yake yote ni nyumba hiyo, na malipo yake ni kutalikiwa siku ya uchungu wa kuzaa, kwa sababu aliyemzalisha ni Bi Farashuu, mwanamke ambaye bwana mwenye nyumba hakutaka kumwona. Binti yake, Maimuna, anapotoka, kazi anayoipata mjini ni ya baa. Mbele ya msomaji zimewekwa hali mbili: ndani, kazi isiyo na bei, nje, bei iliyofungwa na mwili. Kati ya hizo mbili hakuna mshahara wa kawaida, ule wa mtu anayeenda kazini asubuhi na kurudi jioni. Hatudhani kwamba mtunzi alighafilika. Tunaona, kinyume chake, kwamba aliiacha nafasi hiyo wazi ili tuione. Ni wahakiki ambao wameijaza haraka kwa maneno ya maadili.

Nguzo Mama inastahili tusimame kidogo. Wanawake wa kijiji cha Patata wanataka kuisimamisha nguzo, nayo inawashinda. Sisi tunapenda sana istiari hii. Hakuna hotuba ya tarehe 8 Machi isiyosema kwamba mama ni nguzo ya familia, nguzo ya taifa, nguzo ya maendeleo. Lakini tamthilia haisemi hivyo. Nguzo katika jukwaa lile imelala chini, na wanaohangaika kuiinua wana madeni, waume, watoto na ugomvi wao wenyewe. Mtunzi ameugeuza usemi wa sifa kuwa kitu kizito cha kubebwa, nasi tumeirudisha tamthilia katika usemi ule ule ambao aliukejeli. Nguzo hubeba paa, haipewi chochote, na hakuna anayeiuliza kama imechoka. Anayemwita mwenzake nguzo amekwisha kumwambia kwamba hana haja ya kulipwa. Na kitenge kipya kinachovaliwa siku ile ya Machi, kwa kadiri tunavyojua, hakijaingia bado katika hesabu ya mshahara wa mtu yeyote.

Lakini kwa swali letu, maandishi yenye nguvu kuliko yote hayakutoka pwani. Yalitoka hapa Lubumbashi. Mwaka 1965 André Yav, kwa niaba ya watumishi wa zamani wa nyumba za Wazungu, aliandika kijitabu kinachojulikana kwa jina la Vocabulaire de la ville d'Elisabethville. Kilichapwa kwa mashine ya kurudufu, kwa Kiswahili cha mji, maneno yakiungana na kukatika pasipo kanuni ya shule yoyote, hata Johannes Fabian alipokitoa upya mwaka 1990 pamoja na tafsiri na maelezo ilibidi kisomwe kwa sauti ndipo kieleweke. Wanaisimu wamekipenda kwa sababu ya tahajia yake. Wanahistoria wamekipenda kwa sababu kinasimulia ukoloni kutoka jikoni. Tungependa kukisoma kwa sababu ya tatu: ni kitabu cha wanaume waliolipwa kwa kazi za mwanamke.

Tufikiri vizuri juu ya jambo hili, maana tumelizoea hata halituonyeshi ajabu yake. Katika miji ya Kongo ya Wabelgiji, mtumishi wa nyumba alikuwa mwanamume kwa kawaida. Boi alipika, alifua, alipiga pasi, alifagia, alitandika kitanda, alichukua mtoto wa Mzungu. Kwa kazi hizo alikuwa na bwana, na cheo, na mshahara mwisho wa mwezi, hata kama mshahara ulikuwa mdogo na bwana mkali. Watu hao walizeeka wakaunda chama, wakaandika historia, wakisema: mji huu tuliujenga sisi pia. Na walisema kweli. Sasa jioni, boi yule yule alirudi kwake, akamkuta mkewe amepika, amefua, amefagia, amebeba mtoto mgongoni mchana kutwa. Chungu ni kile kile, moto ni ule ule. Ng'ambo ya kwanza ya barabara kazi ina bei. Ng'ambo ya pili haina hata jina. Basi asituambie mtu kwamba kazi ya nyumbani haina bei kwa sababu ya asili yake, au kwa sababu ya mila za mababu. Mji wetu umewahi kuipa bei, ukailipa kwa faranga, na ukamlipa mwanamume.

Hili Vocabulaire halilisemi, na hatuwezi kulilaumu. Sauti inayosimulia humo ni ya wanaume, na madai yake ni kwa mabwana zao. Lakini mhakiki ana haki ya kusoma pia yale ambayo kitabu kinayathibitisha bila kuyakusudia.

Turudi kwa neno menajere. Katika Kifaransa cha siku hizi maana yake ni mwanamke anayeshughulika na nyumba yake. Katika Kifaransa cha wakoloni wa Kongo lilikuwa na maana nyingine, ambayo wanahistoria wameieleza vya kutosha: mwanamke Mwafrika aliyewekwa nyumbani na Mzungu asiye na mke karibu, kwa mapatano ambayo hayakuwa ndoa wala hayakuwa ajira. Alipika au hakupika, alizaa au hakuzaa; neno lilificha yote chini ya ufagio. Hatusemi kwamba mwanafunzi anayeandika neno hilo leo analijua tendo hilo la zamani. Tunasema tu kwamba neno lililozoea kuficha kazi moja ya mwanamke halikupata shida kuficha nyingine.

Na kuna neno posho. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1920 Union Minière du Haut-Katanga iliacha kidogo kidogo desturi ya kuleta wafanyakazi wa muda mfupi, ikataka mfanyakazi akae na mke na watoto ndani ya kambi. Mke na watoto walihesabiwa, wakapewa posho: unga, samaki, chumvi. Wengi huona kwamba Kilingala kimelipata neno poso, yaani juma, kutokana na chakula hiki kilichogawiwa kila baada ya siku saba. Angalia mgawanyo wa maneno: mume ana mshahara, neno ambalo mzizi wake wa Kiarabu ni mwezi, mke ana posho. Mmoja analipwa kwa yale aliyoyafanya, mwingine analishwa kwa sababu yupo. Kampuni ilijua vizuri kwamba mke aliyepika na kulea ndiye aliyemrudisha mchimbaji kazini asubuhi akiwa na nguvu, na ndiye aliyemlea mchimbaji wa kesho. Isingegawa unga kwa huruma. Ilinunua kazi hiyo, na malipo yaliitwa chakula.

Kambi zile zimebaki majina. Tangu miaka ya 1990 mishahara ya Gécamines ilianza kukosekana kwa miezi mingi, na mnamo 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kwa mpango ulioitwa wa hiari. Katika nyumba nyingi za mji huu, aliyelisha watu miaka hiyo ni yule ambaye karatasi inasema hatumiki. Na hata hapo lugha haikukubali. Mwulize mama wa soko naye atakujibu, kwa adabu: «Ninamusaidia bwana.» Kusaidia! Mume amekaa kivulini pasipo mshahara, mke anabeba nyumba nzima, na kitenzi kinachosimulia mambo hayo bado kinamweka mume katikati na mke pembeni.

Sasa tuje kwa sheria, kwani sheria nayo ni maandishi, na mhakiki asiogope kuisoma. Sheria ya familia ya 1987 ilimtaka mke apate idhini ya mumewe kwa kila tendo la kisheria linalomfunga kutoa huduma ambayo yeye mwenyewe ataitekeleza. Mkataba wa kazi, kwa mfano. Sharti hilo liliondolewa na marekebisho ya tarehe 15 Julai 2016. Sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002, katika kifungu chake cha 86, inasema kwamba palipo na hali sawa za kazi, ujuzi sawa na uzalishaji sawa, mshahara ni sawa kwa wafanyakazi wote bila kujali asili, jinsia wala umri. Ni sentensi nzuri. Lakini isome mara ya pili: kabla ya kufikia neno mshahara, usawa umewekewa milango mitatu, na kila mlango una mlinzi wake ambaye ni mwajiri. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani wa 1951, namba 100, ulitumia maneno mengine: kazi yenye thamani sawa. Tofauti si ndogo. Kazi sawa ni mwalimu na mwalimu, karani na karani. Thamani sawa inatulazimisha kulinganisha kazi zisizofanana: muuguzi na fundi mitambo, mfagiaji wa kike na mlinzi wa kiume, na hapo ndipo mshahara wa wanawake hupungua, kwa sababu kazi zao zimewekwa katika safu nyingine.

Mtu wa chuo atajibu kwamba kwetu swali hili halipo: ngazi ya mishahara ni ya serikali, asistenti wa kike na wa kiume wako kwenye mstari mmoja. Ni kweli. Ila ngazi hupandwa. Kutoka shefu wa kazi hadi profesa, njia ni tasnifu ya udaktari, na miaka ya tasnifu ni miaka ile ile ya kuzaa. Sheria inampa mama majuma 14 ya likizo ya uzazi, na theluthi mbili za mshahara. Theluthi moja inakatwa kwa sababu amezaa. Mtoto huyo ana baba pia, lakini mshahara wa baba haujui habari hiyo. Sheria inampa tena mapumziko mawili ya nusu saa kwa siku ili anyonyeshe. Aliyetunga kifungu hiki bila shaka aliwaza kambi, ambamo nyumba ilikuwa karibu na kazi. Leo mama anayefundisha Kasapa na kulala Ruashi atanyonyesha wapi katika nusu saa? Basi la abiria halijajaa bado wakati huo umekwisha. Kisha, mwisho wa mwaka, atapimwa kwa uzalishaji.

Mwaka uliopita nilimpa mwanafunzi wa lisansi zoezi la kutafsiri kifungu hicho cha 86 kwa Kiswahili kinachoweza kusomwa redioni. Alileta sentensi fupi: «Mwanamuke alipwe sawa mwanaume.» Nilifurahi, kisha nikasita. Katika Kiswahili sanifu sawa ni kulingana katika kipimo. Katika Kiswahili chetu sawa ni kama, mfano wa: anaimba sawa ndege, analia sawa mtoto. Msikilizaji wa Katuba atasikia nini? Kwamba mwanamke alipwe kiasi kile kile, au kwamba alipwe kama vile mwanamume alipwavyo, kwa miezi na kwa kuchelewa? Tena, na hili ndilo lililonisumbua, sentensi ile inamfanya mwanamume kuwa kipimo: mwanamke alipwe kana kwamba ni mwanamume, yaani kana kwamba hana mimba, hana maziwa, hana mtoto mwenye homa usiku. Usawa wa namna hiyo unampa mama mshahara kwa sharti la kuficha kwamba ni mama. Tulijaribu pamoja: «Kazi zenye bei moja zilipwe bei moja, awe mwanamke au mwanamume.» Si Kiswahili cha washairi. Lakini mwanamume ameondoka katika nafasi ya mizani.

Limebaki jambo ambalo ningependa kulipita, na sitalipita. Mimi mwenyewe ninaandika haya kwa sababu kuna msichana nyumbani anayemlea mwanangu. Pwani angeitwa yaya. Kwetu yaya ni ndugu mkubwa, na si kwa bahati kwamba maneno hayo mawili yana sauti moja mdomoni mwa mtu aliyesoma vitabu vya pwani: katika nyumba nyingi za Lubumbashi mlezi wa mtoto ni kweli yaya wake, au binti wa shangazi aliyeletwa kutoka kijijini, na jina la undugu huwa badala ya mshahara. Anakula, anavaa, «yuko kwake». Ni posho ya kambi tena, isipokuwa safari hii mgawaji ni mama mwenye lisansi. Na anapolipwa, hesabu ya nyumba ina desturi yake. Nimekwisha kuambiwa, tena na mtu anitakiaye mema: «Mshahara wako wote unaishia kwa yule binti, faida yako ni nini?» Hakuna aliyetoa fedha ya binti yule katika mshahara wa baba wa mtoto, ingawa baba naye hutoka asubuhi akijua mtoto ana mtu.

Mwanafunzi wangu, ambaye ni mtoto wa mama muuza unga, aliisoma tafsiri yetu ya mwisho kwa sauti, polepole, kama mtu anayejaribu kiatu. Kisha akauliza kama kifungu hicho kinamhusu pia binti anayelea mtoto wangu, na ni kazi ya nani tutakayoilinganisha na yake tukitafuta bei. Nilimwambia sheria ya kazi haikumtoa mtumishi wa nyumbani. Akaniangalia, akasubiri sehemu ya pili ya jibu. Kengele ya saa sita ilikuwa imekwisha kupigwa, na nilikuwa na nusu saa.